Kubadili Karani wa Barua katika Kompyuta

Somo la kompyuta hueleweka upesi likianzia katika jambo ambalo mtoto amekwisha kuliona. Tutwae dirisha la posta: karani huweza kubadilishwa, na kibao cha dirisha kikabaki kile kile.

Ndivyo ilivyo katika FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix. Tangu toleo la 14, la mwaka 2023, karani wake wa kawaida ni dma, ambaye hapokei barua kutoka nje ya kompyuta. Anayetaka kuzipokea aweza kumweka Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotolewa mwaka 1998. Lakini programu nyingine zimezoea kumwita karani yeyote kwa jina la Sendmail, mkongwe wa kazi hiyo. Basi katika faili la /etc/mail/mailer.conf jina hilo huelekezwa kwa Postfix, nazo hazitambui badiliko.

Hapa wanachuo wawe waangalifu. Foleni ya karani wa zamani itazamwe kwanza kwa amri ya mailq, mpaka iwe tupu. Faili likishabadilishwa, mailq nayo humwuliza karani mpya, naye hujibu kuwa hakuna barua, hali barua zimelala katika mfuko wa mwenzake asioufungua kamwe.