Hati safi haitoi maji

Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ikishatua bungeni, simu yangu huita kwa swali lilelile: "Mamlaka yetu ya maji imepata hati safi, sasa mbona bomba ni kavu?" Mwaka huu aliyeuliza ni diwani, tena kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyefunga koki.

Hati safi, ambayo wakaguzi tunaiita hati inayoridhisha, haisemi kwamba fedha zimetumika vizuri. Inasema hesabu zilizoletwa zimefuata viwango vya uhasibu na hazina kasoro kubwa ya kumpotosha msomaji. Basi. Mamlaka ikinunua pampu isiyoendana na kisima, ikailipa, ikaiandika kwenye daftari la mali na kuifungia stoo, hati inaweza kutoka safi. Pampu ipo, risiti ipo, maji ndiyo hayapo. Nimewahi kusimama chini ya tanki lililojengwa kilimani kabla bomba la kulijaza halijanunuliwa. Vitabuni lilisomeka "kazi inayoendelea", na kiuhasibu hapakuwa na kosa hata moja.

Wala hati hiyo haipimi maji yanayozalishwa yakaishia njiani: mabomba yaliyopasuka, dira mbovu, watu waliojiunganishia usiku. EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati, inataka upotevu usizidi asilimia 20. Mamlaka inaweza kupoteza mara mbili ya hapo, ikaandika kwa uaminifu kila shilingi iliyoingia, ikapata hati yake na kutundika bango la pongezi getini. Na kinyume chake, hati yenye shaka si ushahidi wa wizi. Pengine ni nyaraka tu ambazo hazikuonekana siku ya ukaguzi. Nimechoka kueleza hili.

Mnaotaka kufuatilia, fuatilieni hivi. Tofautisheni fedha zilizoidhinishwa na zilizotoka: waziri anachosoma Dodoma ni za kwanza, mkandarasi analipwa kwa za pili. Ulizeni pia mradi wenu umepata kiasi gani kutoka Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao hukatiwa shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli mnayonunua. Kwa CAG, rukeni orodha ya hati, someni hoja za ukaguzi zenyewe pamoja na ripoti za ukaguzi wa ufanisi, maana huko ndiko thamani ya fedha hupimwa. Ripoti ya EWURA ya utendaji wa mamlaka za maji hutoka kila mwaka: tazameni upotevu, saa za huduma na ubora wa maji. Wa vijijini msihangaike na EWURA. Mlango wenu ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chombo chenu cha watumia maji.

La mwisho, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Amri ya bei mpya huja na masharti ambayo mamlaka lazima iyatimize. Ombi la kupandisha bei likifika, EWURA huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi, na hapo mwananchi yeyote anaruhusiwa kusimama kuuliza masharti ya safari iliyopita yaliishia wapi. Taftishi ya mwisho niliyohudhuria, upande wa wananchi tulikuwa kumi na mmoja.