Moto Hausimami Mpakani

Ndugu wananchi wa Suam na wa miteremko ya Mlima Elgon, mpakani mwa Uganda na Kenya,

Kiangazi, hasa kati ya Desemba na Februari, nyasi hukauka. Mkulima huchoma magugu, mfugaji huchoma malisho ili machipukizi yaote, naye mrina asali huacha kinga cha moto msituni. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwani joto lake hukausha nyasi za juu kabla ya kuzifikia. Ukishavuka mpaka, walioungua hawaulizi uliwashwa kwa nia gani. Hudhani ni uadui. Ghala moja likiteketea, ujirani wa miaka mingi huweza kuvunjika.

Kwa sababu hiyo twawakumbusha kwamba sheria ya Uganda imekataza kuchoma nyasi tangu 1974, isipokuwa uchomaji ulioidhinishwa na kusimamiwa na maafisa wahusika. Tena, idhini ya upande mmoja haihalalishi moto upande wa pili.

Aliyepewa idhini afyeke ukanda kuzunguka eneo lake, awaarifu majirani wa pande zote mbili, achome asubuhi upepo ungali mtulivu, wala asiondoke kabla majivu hayajapoa. Tunamwomba kila aonaye moto uliomshinda aliyeuwasha apige simu 999, namba itumikayo Uganda na Kenya pia. Kutoa taarifa mapema si kumchongea jirani, ni kumwokoa.