Kumsoma Shakespeare kwa Masikio

Katika vyuo vingi vinavyofundisha fasihi ya Kiingereza, kazi za William Shakespeare hugawanywa mafungu mawili, mashairi upande huu na tamthilia upande ule, na mgawanyo huo, ijapokuwa unarahisisha kupanga vipindi na mitihani, huwadhulumu wanafunzi, kwani malenga huyu, aliyezaliwa Stratford-upon-Avon mwaka 1564 na kufariki mwaka 1616, hakuuvua ushairi alipopanda jukwaani. Ni kweli kwamba mashairi yake mawili marefu ya hadithi yalichapwa mwaka 1593 na 1594, wakati tauni ilipokuwa imeyafunga majumba ya michezo ya London, na kwamba soneti zake 154 zilitoka mwaka 1609. Lakini sehemu kubwa ya ushairi wake, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora, imo vinywani mwa wafalme, wauaji, wapenzi na wachawi.

Msomaji aliyelelewa na mashairi ya pwani, ambaye sikio lake limezoea mshororo wa mizani kumi na sita wenye kina cha kati na kina cha mwisho, aghalabu hushangaa akiukuta mshororo wa silabi kumi, tena mara nyingi usio na kina chochote, akauliza ushairi uko wapi. Jawabu ni kwamba mshororo huu hupimwa kwa mkazo: silabi nyepesi hutangulia, nzito hufuata, mara tano, na mtunzi akiuvunja utaratibu huo kwa kusudi, mchezaji hutambua kwamba moyo wa msemaji umetaharuki. Jambo hili macho hayalioni, masikio hulisikia. Kwa hiyo naamini kwamba mwalimu anayewasimamisha wanafunzi wake waghani amewapa elimu kubwa kuliko yule anayewaandikisha muhtasari wa hadithi.

Tutazame mazishi ya Kaizari katika tamthilia ya Julius Caesar. Brutus, aliyeshiriki kumwua rafiki yake kwa kuamini kwamba anaiokoa Roma, hupanda mimbari kwanza, akasema na watu kwa nathari: sentensi zake zimepangwa kwa mantiki, sababu hii ikipimwa na sababu ile, na watu huridhika hata wakataka kumpa yeye enzi ya marehemu. Kisha huja Antony, naye husema kwa mashairi. Huirudia sifa ileile ya heshima kwa wauaji mpaka ikageuka kuwa tusi, hunyamaza machozi yakimzidi, huwaonyesha wasia asiusome, hushuka mimbarini akawafanya watu waizunguke maiti, huwaonyesha katika joho tundu za majambia moja baada ya moja, na ndipo anapowasomea kwamba kila raia ameachiwa drakma 75. Umati uleule hutoka ukitafuta moto wa kuchomea nyumba. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba Antony ni msemaji hodari amepewa hukumu. Aliyesikia jinsi nathari ilivyozidiwa nguvu na mizani amepata ushahidi.

Kadhalika Romeo na Juliet wanapokutana mara ya kwanza karamuni, maneno yao yakiunganishwa huwa soneti kamili ya mishororo 14: kijana hutoa minne, binti hujibu kwa minne, kisha hugawana iliyobaki, na busu hufuata baada ya kina cha mwisho. Watu waliozoea majibizano ya malenga wataielewa upesi ladha ya kupokea vina vya mwenzio. Naye Lady Macbeth, aliyepanga mauaji kwa mashairi yenye nidhamu, husema nathari iliyokatikakatika atembeapo usingizini akinawa damu isiyokuwapo.

Chuoni mwanafunzi hujifunza pia kwamba maandishi yenyewe yamefika kwetu kwa bahati. Juzuu ya tamthilia 36 ilikusanywa na wachezaji wenzake, John Heminges na Henry Condell, ikatolewa mwaka 1623, na lau si juhudi yao, nusu hivi ya tamthilia hizo, Macbeth na Julius Caesar zikiwamo, huenda zisingetufikia. Hata zilizokwisha kuchapwa hutofautiana: katika King Lear, chapa ya 1608 humpa Albany maneno ya mwisho, ile ya 1623 humpa Edgar, na mwanafunzi hana budi kufikiri ni nani kati yao astahiliye kuurithi ufalme uliovunjika.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna nyenzo ya ziada. Julius Nyerere, aliyesoma Makerere na Edinburgh, alitoa tarjuma yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaifuatisha na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye S. S. Mushi akatufasiria Makbeth na Tufani. Nahuzunika vitabu hivi vinapoachwa rafuni. Vingewekwa mezani kando ya Kiingereza, hotuba ya Antony ikaghaniwa kwa lugha zote mbili mbele ya darasa moja, kisha wanafunzi wakaulizwa ni katika mshororo gani wa kila lugha umati ungeanza kuinuka.