Nani Atamlinda Mtoto na Moshi wa Kiwanda?

Mama mpendwa, hebu fikiri kidogo. Mtoto wako ana homa. Usiku halali, chakula hataki. Unampeleka hospitali, anapimwa malaria, hana. Anapimwa homa ya matumbo, hana. Unarudi nyumbani na dawa, lakini baada ya siku chache hali ni ile ile. Je, ingekuingia akilini kwamba ugonjwa huo umetoka mahali unapofanya kazi, nawe ndiwe uliyemletea kwa maziwa yako mwenyewe?

Jambo la namna hiyo lilimpata Phyllis Omido wa Mombasa. Mwaka 2009 aliajiriwa katika kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kiwanda hicho kilikuwa ubavuni mwa kijiji cha Owino Uhuru, penye wakazi wapatao 3,000. Mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa kushughulikia uchunguzi wa athari za kiwanda kwa mazingira. Uchunguzi ulionyesha hatari, naye akawashauri wakuu wake wakihamishe kiwanda. Hawakumsikiliza. Muda si mrefu mwanawe akaugua, na damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyu aliacha kazi. Watoto wengine wa kijiji walipopimwa, nao pia walikuwa nayo.

Sumu isiyo na harufu

Risasi huingia mwilini kwa vumbi, moshi, maji na chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtoto mdogo huweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Huchezea udongo, kisha hutia vidole mdomoni. Sumu hii hudhuru ubongo unaokua, na mtoto huwa mzito wa kujifunza. Kwa mama mjamzito, yaweza kuharibu mimba. Hata baba anaporudi na vumbi la kazini kwenye nguo, sumu hupiga hodi naye.

Kazi ya serikali, kazi ya mwenye kiwanda

Wengi wetu husema, “Kiwanda ni mali ya mtu. Sisi tutasema nini?” Lakini mambo sivyo yalivyo. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliafiki Kanuni za Mwongozo kuhusu biashara na haki za binadamu. Kanuni hizo husimama juu ya mafiga matatu. La kwanza, serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wasidhuriwe na wafanyabiashara. La pili, mfanyabiashara ana wajibu wa kuheshimu haki za watu, hata pale ambapo msimamizi wa serikali amesinzia. La tatu, aliyedhuriwa lazima apate njia ya kudai haki yake na kulipwa fidia. Ukiondoa figa moja, chungu kinamwagika.

Kila serikali ilihimizwa kuandaa mpango wake. Uingereza ilitangulia mwaka 2013. Kenya iliandaa mpango wa kitaifa wa miaka 2020 hadi 2025, ikawa ya kwanza barani Afrika kuwa na mpango uliosimama peke yake kwa jambo hili. Uganda ilifuata mwaka 2021. Mpango wa Kenya uligusa mambo matano: ardhi na mali ya asili, haki za wafanyakazi, mazingira, uwazi wa mapato, na njia ya mtu kupata haki yake.

Mpango ni mzuri, lakini karatasi haizuii moshi. Katika Owino Uhuru sheria ya mazingira ilikuwapo tangu mwaka 1999, na ofisi za kuisimamia zilikuwapo. Hata hivyo kiwanda kilipata vibali, na watoto wakaugua.

Safari ndefu ya mahakamani

Wakazi hawakunyamaza. Waliandika barua, wakaandamana, na Omido mwenyewe akakamatwa mwaka 2012. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilibaki udongoni na katika damu za watu. Mwaka 2016 wakaenda mahakamani. Hawakuwashtaki wenye kiwanda tu, waliishtaki pia serikali.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Miongoni mwa waliotakiwa kulipa ilikuwamo mamlaka ya serikali ya mazingira, NEMA. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo. Wakazi wakaenda mbele, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Tazama miaka hiyo, mama. Mtoto aliyekuwa mgongoni kiwanda kilipofungwa alikuwa akisoma shule hukumu ya mwisho iliposomwa. Fedha hununua dawa, lakini haimrudishii mtoto miaka aliyopoteza. Ndiyo sababu figa la kwanza, la kulinda, ni bora kuliko lile la kulipa.

Wewe ufanye nini?

Uliza mapema. Mradi mkubwa unapokuja mtaani, sheria inataka athari zake zichunguzwe na wakazi wasikilizwe kabla ya kibali kutolewa. Usimwachie baba peke yake mkutano huo. Wewe ndiwe unayejua maji yanatoka wapi na watoto wanacheza wapi.

Andika unayoyaona. Weka tarehe ya moshi mzito, ya maji yaliyogeuka rangi, ya watoto walioumwa kwa pamoja. Tunza karatasi za hospitali. Neno la mdomo husahauliwa. Daftari husema hata baada ya miaka kumi.

Mwambie daktari ukweli wote. Kama mnaishi karibu na kiwanda, au mmoja wenu anafanya kazi penye betri, mtaje. Risasi haionekani kwa kipimo cha malaria.

Linda nyumba yako. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe mbali na za watoto. Nawa mikono kabla ya kumshika mtoto. Chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama mboga za majani, maharage, dagaa na maziwa, husaidia mwili usifyonze risasi nyingi, ingawa hakiponyi aliyekwisha kudhurika.

Msiende mmoja mmoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai hata kabla yeye mwenyewe hajadhurika. Hukuandikiwa usubiri mwanao augue.

Serikali imeahidi kutulinda. Ahadi ni deni, na deni hudaiwa. Mwezi huu, katika kikundi chenu cha akina mama, ulizaneni swali moja tu: kile kiwanda jirani yetu, nani alikikagua mara ya mwisho, na aliona nini?