Chai ya kijani na urukususu: kipi huelemea ini, kipi hupandisha presha

Katika maduka ya virutubisho, chupa ya vidonge vya chai ya kijani huwekwa rafu moja na ya urukususu, ule mzizi mtamu ambao wengine huuita likorisi. Zote mbili husifiwa kwa maneno yale yale: ni mmea wa asili, hauna madhara. Kwa mfamasia sifa hiyo haitoshi. Mimea hii haifanani kwa kazi wala kwa madhara, na anayeitumia sharti ajue kila mmoja unagusa kiungo gani.

Tuanze na chai. Jani la chai ya kijani ni la mti ule ule unaolimwa Kericho na Mufindi. Ili kupata chai nyeusi, jani husagwa na kuachwa lipigwe na hewa mpaka libadilike rangi. La kijani hupitishwa kwenye mvuke au hukaangwa mapema, kabla halijabadilika, kwa hiyo hubaki na katekini nyingi, yaani kemikali za asili za jani hilo. Iliyo maarufu zaidi kati ya hizo hujulikana kwa kifupi kama EGCG, na ndiyo inayonadiwa kuwa hupunguza unene. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012, yaliyokusanya majaribio kadhaa, yalionyesha kuwa uzito unaopungua ni mdogo mno, hauna uzito wowote kitabibu.

Madhara ya chai hii hutegemea sana umbo lake. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba wanywaji wa kawaida hupata wastani wa miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku. Waliotumia virutubisho vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku ndio walioonyesha dalili za awali za ini kuumia. Ukimeza vidonge hivyo halafu ukaona mkojo umekuwa mweusi au macho yamegeuka manjano, viache na uende hospitali mara moja. Kikombe nacho kina sharti lake dogo: chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, kwa hiyo mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu avimeze mbali na saa ya chai.

Urukususu ni habari nyingine. Utamu wake unatokana na glisirizini, inayoishinda sukari kwa utamu mara kadhaa. Tangu kale watu wameutafuna au kuuchemsha kwa ajili ya kikohozi na tumbo. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi, F. E. Revers, aliripoti kuwa uliwasaidia wagonjwa wa vidonda vya tumbo, ila baadhi yao walivimba mwili.

Sababu ya uvimbe huo iko kwenye figo. Humo mna kimeng'enya kinachofanya kazi ya bawabu: huizuia homoni ya kotisoli isiingie mlango wa aldosteroni, homoni inayouambia mwili uhifadhi chumvi. Glisirizini humfunga bawabu huyo mikono. Kotisoli, ambayo ni nyingi zaidi katika damu, hupita. Chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda, na potasiamu hupotea kwenye mkojo. Potasiamu ikishuka sana, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika.

Wala si lazima umeze kidonge. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza kisa cha mwanamume wa miaka 54 wa Massachusetts, Marekani, aliyefariki baada ya wiki kadhaa za kula mfuko mzima au zaidi wa peremende za urukususu kila siku. Wataalamu wa Ulaya wanashauri glisirizini isizidi miligramu 100 kwa siku. Tatizo ni kwamba mzizi wa kutafuna hauna kipimo, na madhara huja kwa kutumia siku nyingi mfululizo. Zipo aina zilizoondolewa glisirizini, zenye alama ya DGL. Hizo hazipandishi presha hivyo.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, pamoja na mjamzito, asitumie urukususu wa kawaida. Anayemeza dawa za kukojosha au digoksini yuko hatarini zaidi: za kukojosha nazo huweza kushusha potasiamu, na potasiamu ikishuka digoksini huweza kudhuru moyo. Nimtajie pia mgonjwa ambaye presha haishuki hata dozi ikiongezwa: amweleze daktari kila anachotafuna na kuchemsha nyumbani, si vidonge tu. Ukiacha urukususu, usitegemee nafuu siku hiyo hiyo. Figo huweza kuchukua wiki kadhaa kurejea hali yake, na presha ipimwe muda wote huo.