Filamu Nyumbani, na Bisi za Watoto

Ziko familia za Korogwe na Handeni zinazoangalia filamu pamoja nyumbani, na mama hupika chakula cha kulingana na hadithi. Kwa Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji, inayoonyesha Zanzibar ya miaka ya 1950, urojo unafaa sana.

Lakini wazazi, angalieni bisi na karanga. Mtoto chini ya miaka 5 asipewe. Hawezi kuzitafuna vizuri, na akicheka mdomo umejaa, punje huingia njia ya hewa. Mpeni viazi vya urojo vilivyopondwa, bila pilipili. Na taa iwake, mumwone.

Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akishindwa kulia au kupumua, mwinamisheni, mpigeni kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Isipotoka, simameni nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, mvute ndani kwenda juu mara 5. Asiyetimiza mwaka abonyezwe katikati ya kifua, si tumbo. Rudieni hivyo hivyo huku mwingine akitafuta gari. Msichokoe kooni kwa kidole, wala msimpe maji.

Akipata nafuu kisha kikohozi kikaendelea siku kadhaa, mleteni hospitali na kutaja ile karanga. Ikikaa kwenye pafu hufanana na nimonia.