Mei Mosi kwenye mwambao wa Tanganyika: zaidi ya kilometa 200 kumfuata mama wa ng'ambo

Kutoka Bujumbura mpaka Baraka, kwetu Fizi, barabara haifiki kilometa 150. Unavuka mpaka baada ya Gatumba, unapita Uvira, halafu unashuka kusini, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Siku za amani unaondoka asubuhi, jioni unakula ugali wa nyumbani.

Lakini tangu Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na maelfu ya watu wakavuka mto Ruzizi kukimbilia Burundi, mama alinikataza njia hiyo. "Bakia huko, usome," aliniambia kwa simu. "Kama ni kuonana, Mungu atapanga."

Ndiyo maana rafiki zangu watatu waliposema twende kutembea mwambao mzima wikendi ya Mei Mosi, mpaka Kigoma, nilikubali kabla hawajamaliza. Sikukuu iliangukia Alhamisi, na Ijumaa hatukuwa na masomo. Wao walienda kupumzika. Mimi nilikuwa na kazi: mama alikuwa ameuza mawese yake ili apate pesa za minervali, na chuo kilizitaka kabla ya katikati ya mwezi. Aliniambia atampa mtu wa boti azilete Kibirizi, soko la samaki la Kigoma, Jumapili saa moja asubuhi.

Tulikuwa wanne: mimi wa Baraka, kijana wa Uvira, dada mmoja Mrundi wa Nyanza-Lac na Mtanzania mzaliwa wa Ujiji. Sisi sote ni watoto wa ziwa moja.

Rumonge, harufu ya mawese

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata gari. Wanaoishi Bujumbura wanajua: mafuta ni shida, magari yanalala kwenye foleni za vituo, na nauli inapanda bila kuuliza mtu. Tulingoja saa tatu nzima kabla ya kupata Probox. Tuliingia watu wanane, mabegi juu ya magoti.

Mugere, kilometa chache kusini mwa mji, dereva alikubali kusimama dakika tano. Pale kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Tulipiga picha, tukaendelea.

Rumonge ni mji wa michikichi. Harufu ya mawese inakupokea kabla hujaona soko, na bidoni za mafuta mekundu zimepangwa kando ya barabara. Kiswahili kinasemwa kila mahali, kama Buyenzi kule Bujumbura. Mama mmoja muuza ndagala aliposikia matamshi yangu aliuliza mara moja: "Wewe ni wa Fizi?" Akaniongezea konzi moja bila kulipa.

Jioni tulishuka ufukweni. Hewa ilikuwa safi, na ng'ambo milima ya rasi ya Ubwari ilionekana wazi. Baraka iko nyuma yake. Rafiki zangu waliogelea na kucheka. Mimi nilikaa mchangani nikiangalia upande ule. Mwenzangu wa Uvira alikuja akakaa karibu, naye hakusema kitu. Kwao pia hajafika tangu Februari.

Nyanza-Lac, nyumba zilizoonja maji

Ijumaa tulilala kwa wazazi wa yule dada. Baba yake ni mvuvi. Alituonyesha alama kwenye ukuta wa jirani, mahali maji yalipofika mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba nyingi za mwambao. Wengine wamerudi na kujenga upya, wengine wamehamia juu. Sisi wa Uvira na Baraka hatukuhitaji maelezo marefu.

Usiku tuliona taa za wavuvi zimetapakaa majini kama kijiji kingine. Ndagala wanavuliwa wakati wa giza. Mwezi ukikomaa, samaki hawafuati taa, na mvuvi anapumzika. Baba yule alituambia wenzao wa Tanzania wana haraka msimu huu, kwa sababu kule ziwa linafungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaane. "Ni sawa," alisema, "lakini tumbo la mtoto halifungwi miezi mitatu."

Ujiji, shikamoo ya Bibi

Jumamosi tulipanda milima ya Mabanda, tukavuka mpaka Mugina na kuingia Manyovu. Karatasi ziligongwa muhuri, na kutoka hapo barabara ya lami inateremka mpaka Kigoma.

Ujiji tulipokelewa na bibi wa rafiki yetu. Sisi Wakongomani tulimsalimu "Jambo, Bibi!" Alikaa kimya, akingoja. Rafiki yetu alitunong'oneza: "Semeni shikamoo." Tukasema. "Marahaba wanangu," akajibu, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. Yeye ni Mmanyema, na babu zake walitoka upande wetu wa ziwa.

Mchana tulienda kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wa zamani ulikufa; iliyopo leo ni miti iliyotokana nao. Kilichotugusa zaidi ni habari ya njia ya watumwa. Watu waliokamatwa Maniema na kwingineko walivushwa ziwa, wakafika hapa Ujiji, kisha wakatembezwa mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Misafara hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili kwetu. Lugha tuliyokuwa tukicheka nayo barabarani imepita katika njia ya machozi.

Kibirizi, saa moja iliyopotea

Jumapili saa kumi na mbili na nusu nilikuwa tayari Kibirizi. Boti zilishusha mizigo, wachukuzi walipita na magunia, na wanawake walibishana bei ya migebuka. Samaki huyo kwetu na Burundi tunamwita mukeke. Hapa amebadilisha jina tu.

Saa moja ikafika. Boti ya Baraka haikuonekana. Saa moja na nusu, hakuna. Simu ya mama haikupatikana. Nilifikiria upepo wa kusini unaoanza kipindi hiki, nikafikiria mambo mengine nisiyotaka kuyaandika.

Rafiki yangu wa Ujiji ndiye aliyenituliza. "Saa yako inasema ngapi?" Nilikuwa nimesahau: Tanzania iko mbele ya Burundi na mashariki ya Kongo kwa saa nzima. Mama alisema saa moja ya Baraka, yaani saa mbili ya Kigoma.

Saa mbili na robo boti iligusa mchanga. Nilimtafuta mtu wa boti aliyeelekezwa kwangu. Mtu wa kwanza kushuka, kitenge kimefungwa kifuani na bidoni ya mawese mkononi, alikuwa mama mwenyewe.

Hakuwa ameniambia. "Pesa ya mtoto haitumwi na mtu," alisema tu. Alinishika mashavu, akaniambia nimekonda.

Tulikuwa na saa mbili pamoja, kwa sababu sisi tulilazimika kuwahi mpaka. Tulikula ugali na mgebuka kwenye kibanda, sote watano. Alimuuliza yule wa Uvira habari za wazazi wake, akamgawia mawese kama mwanawe. Kisha akafungua fundo la kitenge, akahesabu dola mbele yangu mara mbili.

Usiku ule tulifika Bujumbura saa nne. Jumatatu nililipa minervali, na risiti ninayo. Mama alirudi na boti ya jioni ileile, na asubuhi ujumbe wake ukaingia: "Nimefika. Soma."

Barabara ya Uvira iko palepale, chini ya kilometa 150. Siku itakapofunguka kwa amani, nitawaalika wote watatu Baraka, na Bibi wa Ujiji akipenda.